Hesabu Kwanza, Banda Baadaye: Biashara ya Kuku Nyumbani

Leo tutazungumza juu ya biashara ambayo mtu anaweza kuianzisha hapo hapo nyumbani kwake, bila kuhamia mjini na bila kukodi chumba sokoni. Nayo ni biashara ya kuku wa kienyeji. Kama una kalamu na daftari karibu, vichukue. Kama huna, mwite mtoto anayesoma shule akuandikie, maana leo tutapiga hesabu.

Pengine mtu atasema: "Kuku? Kuku tunao tangu enzi za babu. Kuna kipya gani hapo?" Sawa kabisa, ndugu yangu. Lakini hebu nikuulize swali moja. Mwaka jana kuku wako walikuletea shilingi ngapi, na walikula za shilingi ngapi? Wengi wetu hatuwezi kujibu. Mtoto akiugua, anakamatwa kuku mmoja anauzwa. Mgeni akija, anachinjwa mwingine. Mdondo ukipita, wanakufa waliobaki, tunaanza upya na mtetea mmoja wa kuazima. Huko ni kuwa na kuku, na kuna faida yake. Lakini biashara ni jambo lingine. Mwenye biashara anajua mapema atauza kuku wangapi, lini, kwa nani, na watakuwa wamemgharimu kiasi gani.

Wengi wanapoamua kuanza, jambo la kwanza huwa ni kujenga banda. Wanauza mbuzi, wananunua misumari na wavu, banda linasimama. Halafu ndipo wanajiuliza: kuku nitawalisha nini? Nitamwuzia nani? Leo tutaanza upande wa pili. Tutaanza kwa mnunuzi, turudi nyuma hadi kwenye yai.

Jambo la kwanza ni soko. Kabla hujanunua hata msumari mmoja, tembea. Nenda mnadani siku ya mnada, ukae uangalie. Jogoo mkubwa anauzwa bei gani? Mtetea je? Wachuuzi wanaokuja na matenga yao kwenye baiskeli na pikipiki wanawapeleka wapi? Wale wa mjini, kama vile mama lishe na wenye hoteli, wanataka kuku wa uzito gani, na wanataka wangapi kwa wiki? Kuku wa Singida wanajulikana mpaka Dar es Salaam, lakini mfugaji anayemwuzia mchuuzi mlangoni hapati bei ya Dar es Salaam. Basi ujue bei ya mlangoni, bei ya mnadani na bei ya mjini, kisha ujue nauli na ushuru. Siku hizi simu zipo. Chukua namba ya mnunuzi, umpigie kabla ya kufunga safari.

Halafu tazama kalenda. Bei ya kuku haikai mahali pamoja mwaka mzima. Sikukuu zikikaribia, kuku wanatafutwa na bei inapanda. Baada ya sikukuu inashuka. Krismasi iko tarehe ile ile kila mwaka. Idi nazo huja mapema kwa siku kama 10 au 11 kuliko mwaka uliotangulia, kwa hiyo mwenye kulenga Idi apige hesabu yake upya kila mwaka.

Tuseme wewe unalenga Krismasi, ili Januari shule zikifunguliwa usihangaike na sare na madaftari. Sasa turudi nyuma. Unataka kuuza katikati ya Desemba. Kuku wa kienyeji aliyetunzwa vizuri anahitaji miezi 6 hivi kufikia kimo cha kuuzika. Basi vifaranga watotolewe katikati ya Juni. Kuku huatamia siku 21. Basi mayai yawekwe chini ya kuku kama tarehe 25 Mei. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15 kabla ya kuatamia, kwa hiyo kutaga kuanze mapema Mei. Banda na chanjo ya kuku wazazi viwe tayari Aprili. Na kutembelea soko kufanyike Machi. Umeona, ndugu mkulima? Kuku wa Krismasi anaanzia Machi. Anayekumbuka Oktoba amechelewa.

Jambo la pili ni kupata vifaranga wengi kwa wakati mmoja. Ukiachia kuku wafanye wanavyotaka, mmoja atatotoa leo, mwingine baada ya wiki tatu, na mwisho utakuwa na kuku wa kila umri, huwezi kumpa mnunuzi kuku 10 wa kimo kimoja. Anza na mitetea 5 na jogoo 1. Jogoo mmoja anatosha mitetea mpaka 10, lakini asiwe ndugu yao wa tumbo moja. Mtafute jogoo mwenye mwili mkubwa kutoka kijiji kingine.

Mitetea wakianza kutaga, okota mayai kila siku, uandike tarehe juu ya kila yai kwa penseli, uyaweke mahali pa baridi, ncha nyembamba ikitazama chini. Yai la kuatamiwa lisizidi wiki moja hivi. Likizidi wiki mbili, nafasi ya kuanguliwa hupungua sana, basi hilo kaanga. Mtetea akitangulia kuatamia, mpe mayai viza akalie kwanza, huku unawangoja wenzake. Wote watano wakishakaa, waondolee yale ya viza usiku, uwawekee mayai mazuri siku moja. Hapo watatotoa pamoja.

Vifaranga wakishatoka, wakabidhi kwa mitetea wawili wenye ulezi mzuri. Wale watatu wengine watarudi kutaga upesi. Baada ya wiki nne hivi, watenge vifaranga na mama zao. Kuku anayelea huchelewa kutaga, na kuchelewa huko ni mayai yanayokupotea.

Sasa tupige hesabu. Nasema mapema kwamba bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe weka bei za mnada wako.

Mitetea 5, kila mmoja na mayai 12, ni mayai 60. Tuseme wanatotoa vifaranga 50. Kwa matunzo mazuri, tuseme wanafika wiki ya nane wakiwa 40, na wanafika Desemba wakiwa 36. Katika hao 36, utabakiza matembe 4 wawe mbegu ya mwaka ujao. Utatenga 2 kwa ajili ya nyumba. Watakaouzwa ni 30. Kwa mfano wa shilingi 15,000 kila mmoja, ni shilingi 450,000.

Hapo ndipo wengi wanapofunga daftari na kushangilia. Bado. Andika upande wa pili.

Chakula cha vifaranga mpaka wiki ya nane, kilo 60 kwa shilingi 1,500, ni shilingi 90,000. Chakula cha nyongeza baada ya hapo, kwa sababu mchana wanajitafutia nje, tuseme gramu 40 kwa kuku kwa siku, kwa miezi minne. Inakuwa kilo 170 hivi. Ukichanganya mwenyewe pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa ya mifugo na chumvi kidogo, tuseme kilo moja ni shilingi 600. Hizo ni shilingi 102,000. Chanjo na dawa shilingi 20,000. Mkaa wa kuwapa vifaranga joto usiku, shilingi 20,000. Nauli na ushuru, shilingi 28,000. Jumla ni shilingi 260,000.

Toa 260,000 katika 450,000. Unabaki na 190,000. Na banda je? Tuseme limekugharimu shilingi 200,000, na litadumu miaka minne. Basi kila mwaka linakula shilingi 50,000. Unabaki na shilingi 140,000 kwa kazi ya miezi saba. Ni kama shilingi 20,000 kwa mwezi, na kuku wazazi bado wapo, na mbolea umeipeleka bustanini. Ni faida ya kweli. Lakini ni faida nyembamba, na kitu chembamba hukatika upesi. Tuone kinachoikata.

Mosi, mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu hauna dawa. Ukiingia katika kuku wasiochanjwa huweza kuwamaliza karibu wote, na mara nyingi hulipuka wakati wa kiangazi, yaani wakati huo huo kuku wako wa Krismasi wanakua. Tuseme umeingia wiki mbili kabla ya kuuza ukaua nusu. Unauza 15, unapata shilingi 225,000. Lakini chakula, chanjo na mkaa vimekwisha kula karibu shilingi 230,000. Hujalipa nauli, hujalipa banda, tayari uko kwenye hasara.

Kinga ipo. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini. Ni tone moja katika jicho moja la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, lakini haistahimili uzembe: isiachwe juani, ibebwe kwenye kitambaa kibichi au chombo cha baridi. Chanja kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua chanjo haimponyi, na kinga yenyewe huchukua kama wiki mbili kujengeka. Chupa moja huchanja kuku wengi, na ikishachanganywa haiwekwi akiba. Kwa hiyo kaeni na majirani, mchague siku moja, mchangie chupa moja, mwiteni afisa mifugo awaonyeshe mara ya kwanza na awape ratiba ya vifaranga. Tena ni kwa faida yako mwenyewe jirani achanje, maana kuku wake na wako wanachakura jalala moja. Na kuku mgeni kutoka mnadani asiingie bandani siku ile ile. Mtenge wiki mbili umtazame.

Pili, kinachokata faida ni sisi wenyewe. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Tuseme hakuna ugonjwa wowote. Kuku wote 30 wa kuuza wapo, wazima. Lakini shemeji amekuja, amechinjwa mmoja. Wa pili kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Mpaka Desemba wameliwa 6 nje ya wale 2 tuliowatenga. Wengine 4 wamekopeshwa kwa watu wanaosema "nitakulipa mwisho wa mwezi", na mwezi hauishi. Waliouzwa kwa fedha taslimu ni 20. Hizo ni shilingi 300,000. Toa gharama 260,000, unabaki na 40,000. Toa sehemu ya banda 50,000. Umepata hasara ya shilingi 10,000, na hakuna kuku hata mmoja aliyeugua!

Wazee wa pwani walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya nyumbani usemi huu ni kweli mara mbili, kwa sababu biashara inalala chumba kimoja na tumbo. Duka la sokoni linafungwa kwa kufuli. Banda la nyuma ya jiko halina kufuli mbele ya mwenye nyumba.

Tufanyeje basi? Hatusemi familia isile kuku. Mtoto anahitaji yai na nyama, na mgeni ana heshima yake. Tunasema sehemu ya nyumba ihesabiwe mapema. Kama kwenu mnapokea wageni wengi, usitenge 2, tenga 6, halafu ongeza mtetea mmoja wa kuanzia. Kuku wa nyumba watiwe alama, kwa mfano uzi mwekundu mguuni. Hao wakiisha, wameisha mpaka msimu mwingine. Mgeni atakula maharage, na maharage hayajapata kumfukuza mgeni mwema.

Jambo hili haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Katika nyumba nyingi, kuku wanalelewa na mama na watoto, lakini siku ya kuuza fedha inapokelewa na baba, na haionekani tena. Mwaka wa pili mama anachoka. Hafungi banda jioni, hamwagi maji machafu, na vifaranga wanaliwa na kicheche. Baba anasema kuku hawana faida. Nyumba hiyo haikushindwa na kuku, ilishindwa na makubaliano. Basi kabla ya kuanza, kaeni baraza, baba, mama na watoto wakubwa. Semeni wazi: nani anafungua banda asubuhi, nani anateka maji, nani ananunua chakula, nani anauza. Semeni pia fedha itakwenda wapi: sehemu hii ni ya chakula cha kuku wa awamu ijayo, sehemu hii ni ya sare za shule, na sehemu hii ni ya mama kwa jasho lake. Iandikwe.

Kuhusu fedha yenyewe, wekeni makopo mawili. Kopo moja la nyumba, kopo moja la biashara. Anayetumia akiba ya simu au kikundi, atenganishe vivyo hivyo. Ukiazima kutoka kopo la biashara kununua chumvi, andika, na urudishe. Na daftari liwe na mistari mitano tu: tarehe, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, kuku waliokufa, kuku walioliwa. Asiyejua kusoma atumie punje: punje ya mahindi kwa kuku aliyeuzwa, punje ya kunde kwa aliyekufa, punje ya karanga kwa aliyeliwa. Mwisho wa mwezi mwaga chini, hesabu. Punje hazidanganyi.

Neno moja juu ya mkopo. Vikundi vya kukopeshana vipo vijijini na vinasaidia. Lakini kumbuka, kuku wa kienyeji anarudisha fedha baada ya miezi 6, na mikopo mingi huanza kudai mwezi wa kwanza au wa pili. Sasa utalipa na nini? Utauza vifaranga. Kwa hiyo mwaka wa kwanza anza na ulicho nacho, hata kama ni mitetea 3. Ukitaka kukopa, kopa kwa kununua chakula cha miezi miwili ya mwisho, wakati kuku tayari wanaonekana kwa macho.

Na usishawishike kuanza na kuku 100 wa kufungiwa ndani. Kuku mkubwa anayefungiwa hula gramu 100 hadi 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 12 kila siku, ni kilo 360 kwa mwezi. Waulize mahindi ya ghala lako kama wanayaweza.

Sasa, na sasa tu, banda. Kwa kuku wanaotembea mchana na kulala ndani usiku, kadiria kuku wakubwa 5 kwa kila mita moja ya mraba. Wale 36 pamoja na wazazi 6 ni 42, basi banda la mita 2 kwa mita 4 na nusu linatosha. Kuta za udongo na paa la nyasi vinafaa. Kinachotakiwa ni sakafu kavu, madirisha ya kupitisha hewa yenye wavu au fito za karibu karibu, fito za kulalia, na mlango unaofungwa vizuri kwa ajili ya kicheche na paka. Katika mikoa ya baridi kama Iringa na Njombe, Juni na Julai ni miezi ya baridi kali, basi chumba cha vifaranga kizibwe upepo. Jiko la mkaa liwashwe nje mpaka moshi uishe, lizungushiwe matofali, na hewa isizibwe kabisa, maana hewa chafu ya mkaa huua vifaranga na huua watu. Jiko hilo lisiwe kabisa katika chumba anacholala mtu.

Basi, ndugu wasikilizaji, kazi ya wiki hii ni moja. Nendeni mnadani mkaulize bei tatu: ya jogoo, ya mtetea, na ya kilo ya mashudu. Mkirudi, kaeni na wenzenu nyumbani, mziweke bei hizo mahali pa zile za mfano wangu, mtoe na kujumlisha mpaka mwisho. Hesabu ikionyesha faida, anzeni na mitetea mnayoweza kuwalisha. Ikionyesha hasara, shukuruni kwamba imeonekana kwenye karatasi kabla ya mbuzi kuuzwa, kisha tafuteni ni gharama gani inayoweza kupunguzwa: pengine chakula cha kuchanganya wenyewe, pengine kuuza pamoja na jirani ili mgawane nauli.